Pampu Inavuma, Maji Hayaendi

Pampu ya tangi la matumbawe mara chache hufa ikiwa kazini. Inaweza kuzunguka mwaka mzima, usiku na mchana, bila kulalamika. Kisha umeme unakatika nusu saa, unarudi, na yenyewe inabaki kuvuma tu, tone halitoki. Mwenye tangi anasema imeungua, anaanza kutafuta nyingine. Fundi akiifungua anakuta koili nzima, sumaku nzima, na ganda jeupe la chokaa limeibana shafti. Hakuna kilichoungua. Pampu ilishabanwa wiki nyingi kabla, ila kwa kuwa ilikuwa tayari kwenye mwendo hakuna aliyetambua. Kuendelea kuzunguka kunataka nguvu kidogo; kuanza kutoka kusimama ndiko kunakoiumbua.

Hilo likieleweka, sehemu kubwa ya matatizo ya pampu inakuwa nyepesi. Yanayobaki yanataka ujue maji yanapita wapi na kila kipande kinafanya kazi gani.

Tuanze na sababu ya kuhangaika kote huku. Tumbawe limejishikiza jiwe, haliwezi kufuata chakula wala hewa. Maji ndiyo yaje kwake. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani maji makuu, tofauti ya kina huzidi mita 3. Anayezamia Mnemba kule Zanzibar au Watamu kule Kenya anajua mkondo unavyogeuka: asubuhi unasukuma huku, mchana unavuta kule. Juu ya ngozi ya tumbawe kuna utando mwembamba wa maji yasiyosogea, na kila kitu kinachoingia au kutoka, iwe oksijeni, kalisi (kalsiamu) au uchafu wake, lazima kipenye hapo. Mkondo ukiwa hafifu utando unanenepa, na tumbawe linadhoofika polepole hata kama vipimo vyote vya maji vinasoma vizuri.

Ndani ya tangi la nyumbani kazi hiyo inagawanywa kwa pampu za aina mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha hasara nyingi. Pampu ya kurudisha hukaa kwenye tangi la chini, sampu, na kuyapandisha maji hadi tangi la maonyesho. Pampu za mkondo hubandikwa kwenye kioo kwa sumaku. Zina rafadha (panga za wazi) badala ya impela, gurudumu la mapanga lililofichwa ndani, na husukuma maji mengi sana bila kuyapandisha popote. Kwa tangi la lita 300 lenye matumbawe laini, wafugaji wengi hulenga mkondo wa jumla wa mara 10 hadi 20 ya ujazo kwa saa. Kwa matumbawe magumu ya polipu ndogo (polipu ni kijimnyama kimoja kimoja cha tumbawe), kama Acropora, hufika mara 40 na kuendelea. Lakini pampu ya kurudisha yenyewe inatosha ikipitisha mara 3 hadi 5. Anayenunua pampu kubwa mno ya kurudisha ili apate mawimbi analipia umeme wa kupandisha maji ambayo hayakuhitaji kupanda, na joto la pampu hiyo linaishia ndani ya maji. Dar au Mombasa, ambako tatizo ni kuyapoza maji, si kuyapasha, hilo ni kosa la gharama.

(Inawezekana kufuga bila hivi vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa akifuga matumbawe kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe), jua na mapovu ya hewa. Sisi wengine tuna pampu.)

Sasa tuingie ndani. Pampu ya kawaida ya umeme wa ukutani haina brashi wala giya. Koili zimezamishwa kwenye epoksi ngumu, haziguswi na maji. Katikati kuna tundu, na ndani ya tundu kuna sumaku ya mviringo iliyopitishwa shafti, aghalabu ya kauri; kwenye ncha yake kuna impela. Umeme wetu wa 50 Hz hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na sumaku inafuata hatua kwa hatua: mizunguko 3,000 kwa dakika, haizidi, haipungui. Mzigo ukiizidi nguvu, mota hii haipunguzi mwendo. Inapoteza hatua na kusimama papo hapo.

Hapa pana jambo linalowaponyoka hata mafundi wazuri. Mota ya namna hiyo haichoki. Kama maji yamepungua na mota bado inazunguka, inazunguka kwa kasi ileile ya siku iliyonunuliwa. Kwa hiyo tatizo si "nguvu imeisha". Kuna kitu kimeziba njia, panga la impela limekatika, au kuna hewa. Tafuta huko.

Jambo la pili: impela haikufungwa moja kwa moja kwenye sumaku. Ukiishika sumaku kwa mkono mmoja na kuigeuza impela kwa mwingine, inacheza karibu nusu mzunguko au zaidi ndipo inagota. Wengi hudhani imelegea. Wapo wanaoitia gundi, na kuanzia hapo pampu haiwaki tena. Mchezo ule umewekwa makusudi: sumaku ikianza kutikisika inapata nafasi ya kushika mwendo kabla haijabebeshwa maji. Uchafu au chokaa ikijaa kwenye upenyo huo, matokeo ni yaleyale ya gundi, yaani inavuma, inatetemeka, haiendi.

Na chokaa itajaa, kwa sababu tangi la matumbawe limetengenezwa liwe na chokaa. Tunaweka kalisi kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na alkali kwenye 8 hadi 11 za dKH (kipimo cha kaboneti ndani ya maji), ili matumbawe yajenge mifupa. Maji ya namna hiyo yako karibu muda wote kwenye ukingo wa kugandisha. Sukari huyeyuka zaidi maji yakipata joto. Chokaa hufanya kinyume chake, joto huiangusha. Mahali penye joto kuliko pote ndani ya maji ni kuta za lile tundu la sumaku na ile shafti, ambako pia nafasi ni finyu kuliko pote. Ndiyo maana unaweza kuikuta pampu nje inang'aa na ndani imekwisha. Wanaodondosha maji ya chokaa au dawa ya kuongeza alkali waidondoshe mbali na mdomo wa pampu. Ikimwagwa pale pale pampu inaponyonya, utaisafisha kila mwezi.

Kuifungua si kazi kubwa. Chomoa plagi kwanza, za vifaa vyote vilivyo kwenye maji unayotia mkono, hata kama unagusa kimoja tu. Toa pampu, iweke juu ya taulo jeupe ili vipande vidogo visipotee. Kifuniko cha mbele huzungushwa robo au hutolewa kwa vibanio viwili. Usitumie bisibisi kukibandua, plastiki iliyokaa kwenye chumvi hukatika bila onyo. Ndani utakuta oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji, itoe na uiangalie kama imepasuka. Kisha shika impela kwa vidole viwili na uivute moja kwa moja. Itakataa kidogo, ni sumaku inashikwa na chuma cha koili. Ikikataa sana, chokaa imeishika, na kuilazimisha ni kuivunja shafti. Iloweke kwenye ndoo ya siki kwa saa moja, halafu ujaribu tena.

Ikitoka, angalia kwa tochi. Ganda gumu la kijivu au la rangi ya zambarau kwenye shingo ya shafti ni chokaa na mwani wa chokaa. Mikwaruzo iliyozunguka mwili wa sumaku ina maana sumaku inagusa ukuta, na hapo kuna maelezo mawili: ama bushi za mpira kwenye ncha za shafti zimelika, ama sumaku yenyewe imevimba. Sumaku za neodimiamu hufunikwa kwa plastiki; plastiki ikipata ufa, maji ya chumvi huingia, sumaku inapata kutu na kuvimba. Ukiona mstari wa kahawia wa kutu, usiisafishe. Itupe. Kutu hiyo haitakiwi kwenye maji ya matumbawe. Pitisha ukucha kwenye shafti ya kauri pia: ufa mwembamba kama unywele hauonekani, lakini ukucha unaukamata.

Kwa kusafisha, siki nyeupe nusu kwa nusu na maji inatosha kwa tangi linalotunzwa. Chokaa ikiwa nene, asidi sitriki ni bora na haina harufu kali: ule unga mweupe wa uchachu wanaouuza kwenye maduka ya vifaa vya keki na juisi, vijiko vikubwa 3 hadi 4 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Unganisha pampu tena, izamishe kwenye ndoo na uiwashe humo nusu saa hadi saa moja, ili asidi ipite hata kwenye vipenyo ambavyo mswaki haufiki. Mapovu madogo yanayopanda ni chokaa inayeyuka na kutoa kaboni dioksaidi. Yakikoma, ama chokaa imekwisha ama asidi imekwisha nguvu. Ongeza kijiko kimoja uone. Malizia kwa mswaki wa zamani na pamba za masikio kwenye tundu, kisha suuza kwa maji safi.

Jiki isikaribie ndoo hiyo. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na watu huumia mapafu kwa njia hiyo majumbani. Asidi za kusafishia choo nazo ziache. Zimechanganywa na sabuni na rangi. Usipake grisi kwenye shafti. Maji ndiyo mafuta yake.

Kama pampu inawaka lakini maji hayaridhishi, usianze kubahatisha, pima. Elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo ya lita 10, kwa urefu uleule linaotumika, na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 15, unapata lita 2,400 kwa saa. Linganisha na mchoro wa pampu, ule unaoonyesha lita kwa kila urefu, kwenye urefu wako wa kupandisha, sio na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Ile ya boksi hupimwa bila kupandisha maji hata sentimita moja. Ukiyapandisha mita moja na ushee pamoja na viwiko vya bomba, pampu ndogo inaweza kubaki na nusu. Andika kipimo hicho siku pampu ikiwa mpya au imetoka kusafishwa. Baadaye utajua imepungua kiasi gani.

Kipimo kikipungua, fuata njia ya maji kuanzia inaponyonya: sponji au kichujio, konokono aliyekwama, impela, kisha bomba lenyewe, ambalo ndani huota ngozi ya mwani, kisha mdomo wa juu. Ukitaka kupunguza maji kwa valvu, iweke upande wa kutokea. Kuibana pampu upande wa kunyonya kunaifanya itengeneze mapovu ndani yake yenyewe na kujitafuna.

Kelele nazo zina lugha. Mgongano wa haraka mara tu baada ya kuwaka, maji yakiwa hafifu, huenda impela imeanza kinyume; mota hizi hazichagui upande, na nyingine zina kizuizi kidogo cha kuzirudisha ambacho kikivunjika zinabaki kuzunguka kinyume. Zima, subiri, washa. Mkwaruzo usiokoma ni bushi. Sauti ya kukoroma inayokuja na kuondoka ni hewa.

Hewa hiyo, pamoja na yale mapovu madogo yanayoyafanya maji yaonekane kama yana vumbi, katika matangi mengi ya pwani husababishwa na kitu rahisi mno: maji yamepungua kwenye sampu. Maji huvukia, chumvi haivukii, na upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu ya kurudisha kwa sababu vyumba vingine hushikiliwa na kuta zao. Pampu inaanza kunyonya juu juu na kuvuta hewa. Ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, hadi kwenye alama. Anayeongeza maji ya chumvi kila mara anapandisha chumvi bila kujua. Kiwango kikiwa sawa na mapovu hayaishi, kagua viungio vya upande wa kunyonya.

Pampu za umeme wa moja kwa moja (DC), zile za 24 V zenye kontrola, zina tabia tofauti. Zinaanza taratibu, zinabadilisha kasi, nyingi hujizima zikikosa maji. Hitilafu zake nyingi haziko ndani ya maji. Kontrola hutundikwa juu ya sampu, kwenye unyevu na chumvi inayotambaa, na pini za kebo hugeuka kijani. Kabla ya kulaumu mota, pima adapta kwa multimita. Ikitoa 24 V sawasawa, safisha pini, kisha jaribu kontrola nyingine kama ipo. Zile zenye nyaya tatu kwenda kwenye mota, pima ukinzani kati ya kila jozi: namba tatu ziwe karibu sawa. Moja ikikosa kusoma, koili imekatika kweli, na hapo hakuna siki ya kukusaidia.

Umeme na maji ya chumvi havitanii. Kila kebo ishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke sakafuni. Weka breka ya kuvuja ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukianza kuvuja, kwenye laini ya tangi. Gharama yake ni ndogo kuliko pampu moja. Ikianza kujizima, chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja. Watu huogopa multimita ikisoma volti kadhaa kati ya maji na ardhi. Mara nyingi ni umeme uliochochewa na koili, usio na nguvu ya kudhuru. Breka inayoruka ndiyo shahidi wa kuaminiwa. Ila epoksi ikiwa imepasuka au kebo imechubuka, usizibe kwa utepe.

Kwa walio na ndugu ughaibuni: pampu ya Dubai au Muscat huja na volti zetu, 50 Hz, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa. Ya Marekani ni ya 120 V na 60 Hz. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Ukiipitisha kwenye transfoma ya kushusha inawaka, lakini kwa kasi pungufu karibu asilimia 17, kwa sababu transfoma haibadilishi Hz. Ya Saudia inadanganya zaidi, maana volti zinafanana na zetu huku Hz ni 60. Zile za 24 V zenye adapta ya 100 hadi 240 V hazina shida hiyo.

Umeme ukikatika, kinachokwisha kwanza ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 26 hubeba chini kidogo ya miligramu 7 kwa lita hata yakijaa kabisa, wakati maji yasiyo na chumvi yanazidi 8. Samaki wengi kwenye tangi dogo, usiku, bila uso wa maji kutikisika, ni saa chache tu. Pampu moja ya mkondo ya wati 10 inayokubali 12 V, ikielekezwa juu na kulishwa na betri ya 7 Ah, itafanya kazi kwa muda wa saa nne au zaidi. Pampu ya kurudisha iache ilale. Betri si yake.

Ikilala, maji ya juu yatarudi chini hadi hewa iingie kwenye bomba. Tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ndilo linaloukata mvuto huo wa maji, na konokono au mwani wakiliziba, sampu inafurika sebuleni. Usitegemee valvu ya kuzuia kurudi. Nayo hushikwa na chokaa ikabaki wazi. Jaribu mwenyewe mchana, upo na taulo mkononi: zima, tazama maji yanasimama wapi, bandika utepe hapo uwe alama. Wakati huohuo umeijaribu pampu kama inaweza kuwaka tena. Ifanye kila mwezi. Pampu yoyote iliyokaa imezimwa kwa siku kadhaa ikiwa na maji ndani, imwage kwanza. Maji hayo yamekosa hewa, na harufu ya yai viza ikitoka ujue hayafai kuingia tangini.

Usafi wenyewe, kwa matangi mengi, ni kila miezi mitatu hadi minne, mapema zaidi kama alkali iko juu. Safisha pampu moja kwa wakati. Ukiirudisha, ipunguze kasi au igeuze iangalie kioo kwa siku kadhaa: matumbawe yaliyo mbele yake yamezoea mkondo uliokuwa unafifia, na mkondo wa pampu mpya ukiyapiga ghafla hung'oa nyama kwenye mfupa. Nimeona watu wakilaumu siki kwa jambo hilo. Kama una anemoni, kiumbe laini wa baharini anayehamahama, mdomo wa kila pampu uwe na wavu au sponji, nayo isuuzwe kila wiki.

Siku ya kununua, muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: impela yake inauzwa peke yake, na iko dukani sasa hivi? Kama jibu ni ndiyo, nunua pampu na impela ya akiba pamoja. Kama ni hapana, hata ikiwa na kontrola ya simu na taa za rangi saba, mwachie.